Kabla Maji Hayajajaa

Bahari ilikataa kumrudisha Teoti, ikaleta dhahabu.

Dhoruba ilivuma mpaka ikachoka, na kulipokucha ufuo wa Onepango ulikuwa umechunwa. Mchanga wa kijivu wote ulikuwa umezolewa. Chini yake, kuanzia mlango wa mto hadi kwenye mwamba, ulilala mchanga mweusi tii, mzito, wenye utando mwekundu juu. Mtu wa Onepango hahitaji kuambiwa maana yake. Mchanga wa namna hiyo una dhahabu laini kama unga, na haukai. Bahari iliyouleta huuchukua tena baada ya kujaa na kupwa mara chache tu, na aliyechelewa huweza kusubiri miaka kabla ya kuuona mwingine.

Malaki Garvey aliingia jikoni, akajimiminia chai, akasimama ameshika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa.

"Usiniambie," mkewe Pirihira alisema.

"Sijafungua mdomo."

"Uso wako umeufungua."

"Piri, nimezaliwa kwenye pwani hii. Sijawahi kuona kitu kama kile. Unene wa kiganja, mpaka mwambani!"

"Na mdogo wangu yumo humo humo."

Malaki aliinamia chai yake. Teoti, mdogo wa pekee wa Pirihira, alikuwa akivuka mlango wa mto juu ya farasi, mto umefura kwa mvua. Farasi alitokea ng'ambo. Teoti hakutokea. Mjomba wao Ihaka alikuja, akaomba dua, akachimbia mti juu ya alama ya maji kujaa na kuutundikia koti la Teoti. Hiyo ndiyo rahui, mwiko wa wenyeji wa asili wa pwani ile, watu wa kina Pirihira. Maana yake kila mtu wa pale anaijua: asile mtu samaki wa maji yale, asichume kome, asichote hata punje ya mchanga, mpaka marehemu aonekane. Malaki mwenyewe ndiye aliyeushika mti ule wakati Ihaka akiugongomea. Kisha Ihaka akapanda farasi kwenda kusini kuwapa habari ndugu, na nyumba ile ikabaki inakula viazi asubuhi na viazi jioni, imeikodolea macho bahari iliyojaa chakula.

"Nasema tu," Malaki alisema. "Mtu haruhusiwi hata kusema?"

"Sema. Kusema hakuchimbi."

"Na unga umekwisha."

"Najua umekwisha. Nani alikwenda kuuomba?"

Aliyekwenda kuuomba ni Pirihira mwenyewe. Mwenye duka alikuwa amemjibu mbele ya watu, tena kwa sauti ya huruma, kwamba rambirambi anazo tele, ila unga ni wa wenye pesa. Watu wakacheka kidogo, wakakohoa kuficha kicheko. Pirihira alirudi nyumbani na kapu tupu na hasira.

Barazani alikaa mama yake, Bi Kararaina, amejifunika blanketi, uso ameuelekeza baharini. Alikuwa ameacha kulia. Kila aliyepita, yeye alimuuliza swali moja tu.

"Wameona kitu?"

"Bado, mama," Pirihira alijibu.

"Baridi huko alipo," bibi alisema. "Na yuko peke yake."

Hilo la upweke ndilo lililomuumiza kuliko kifo chenyewe. Kwao maiti haachwi peke yake hata dakika moja. Tangu anapokata roho hadi anapoingia kaburini kuna mtu ubavuni pake, anamwimbia, anamsemesha, anamfukuzia inzi. Mwanawe alikuwa hana hata wa kumfukuzia inzi.

*

Fintan Garvey, kaka yake Malaki, mwana wa walowezi kama yeye, alifika kabla jua halijapanda. Nyuma yake walikuja vibarua wawili wa mjini, mmoja akisukuma toroli, mwingine amebeba mabeleshi. Juu ya toroli lilikaa sanduku la kuoshea mchanga na bamba lake la shaba. Fintan alikuwa na adabu zake. Aliwaacha wenzake getini, akavua kofia, akapanda barazani na nusu mkate uliofungwa kwenye kitambaa.

"Pole, shemeji. Pole, mama. Teoti alikuwa mtu, jamani. Mtu kweli kweli."

"Tumeshapoa," Pirihira alisema. "Toroli la nini?"

"Aa, si unajua." Fintan alicheka na kujikuna shingo. "Mchanga haungoji mtu."

"Umeuona mti?"

"Nimeuona."

"Umeliona koti?"

"Shemeji, mimi nauheshimu ule mti. Nitaupitia mbali kabisa. Lakini tuambiane ukweli. Chini ya alama ya maji ni mali ya Mfalme, si ya mjomba wako. Mimi ninayo leseni. Na kiwanja chenu cha kuchimba, kikikaa bila kuguswa, sheria inasema ni cha atakayekigusa. Mti na koti havichimbi."

"Kufa kufaana," Pirihira alisema.

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Mtu yumo majini hajaoza, wewe umekuja na toroli! Ungekufa wewe, Fintan, Teoti angechimba juu yako?"

"Teoti alikuwa mchimbaji. Angeelewa."

Pirihira aliinuka. Angempiga, na angempiga vizuri, maana mikono yake ilikuwa ya kazi. Malaki akamshika bega.

"Fintan, nenda zako," Malaki alisema. "Leo si siku yake."

"Kwani siku yake ni ipi, ndugu yangu? Bahari imekwambia? Njoo nawe, nitakupa fungu sawa na la kwangu. Au umeshakuwa wao zaidi ya wao wenyewe?"

Alilisema kwa utani, utani ule wa ndugu ambao una mfupa ndani. Malaki akawa mwekundu usoni. Alikuwa amekula chumvi ya nyumba ile tangu alipooa, na bado kila kaka yake alipomcheka, alirudi kuwa mtoto.

Ndipo Bi Kararaina akasema kutoka kwenye blanketi lake.

"Fintan."

"Naam, mama."

"Siwezi kukuzuia. Mimi mzee, na sheria ni yenu. Nakuomba jambo moja tu. Mkimwona, niiteni pale pale. Msimguse. Niiteni nije nikae naye."

Fintan aliweka mkono kifuani. "Mama, naapa kwa kaburi la mama yangu. Beleshi nitalitupa, nitakuja mbio mimi mwenyewe."

"Mbio," bibi alirudia.

"Mbio, mama."

Akauacha mkate juu ya ukingo wa baraza. Pirihira akawapa kuku.

*

Siku iliyofuata ilikuwa ya jua, jua la ajabu katika pwani ile ya mvua. Theluji iling'aa milimani, usubi wakatoka majanini kuuma watu. Maji yalikuwa yanakupwa tangu alfajiri. Ufuo haukuonekana kutoka nyumbani, kwa sababu ya kilima cha mchanga, lakini mabeleshi yalisikika. Yalikuwa yakikwaruza tangu jana, na leo yaliongeza kasi.

Malaki alitengeneza bawaba isiyoharibika. Alichanja kuni zilizokwisha kuchanjwa. Mwisho akasimama mlangoni.

"Sauti inatoka karibu na mti," alisema.

"Nasikia."

"Alisema atapita mbali."

"Fintan alisema mengi. Nenda kawaambie wasogee. Nenda wewe, mimi nikienda nitaua mtu."

"Nitawafukuza kabisa," Malaki alisema, na alilisema kwa moyo mmoja. Hilo lazima liandikwe, maana ni kweli. Alitoka bila beleshi, amevaa viatu vizuri na kofia ya Jumapili, kama mtu anayekwenda kushtaki. Pirihira alimtazama akipanda kilima, akamwonea fahari.

Akamenya viazi. Akamlisha mama yake, akawalisha watoto wake. Mabeleshi yakanyamaza kidogo, akasema moyoni, amewaambia. Kisha yakaanza upya. Pengine wamesogea, akawaza. Saa sita ikapita. Alifua nguo, akazianika, akatamani kwenda kuangalia, lakini mama hakuwa mtu wa kuachwa peke yake siku zile. Na kusema kweli, hakutaka kuona. Kuona watu wanapekua mchanga ule ilikuwa sawa na kuona watu wanapekua mifuko ya mdogo wake.

Jua lilikuwa limeegemea magharibi, na maji yamejaa yanagonga kilima, mabeleshi yaliponyamaza kabisa.

*

Walikuja wanne, pole pole, kofia mikononi. Toroli lilisukumwa na Malaki. Juu yake alilala Teoti, uso umefunikwa gunia, miguu inaning'inia mbele, mguu mmoja una kiatu.

"Tumempata, mama," Fintan alisema. "Sasa hivi. Maji yamemleta sasa hivi, tukasema twende mbio."

Bi Kararaina aliinuka. Blanketi likaanguka. Akapaaza wito wa kumpokea maiti, wito mrefu unaotoka tumboni, na sauti yake ya uzee ilikuwa kali hata kibarua mmoja akajishika kifua. Alimwita mwanawe kwa jina, kwa baba yake, kwa babu zake, akamwambia karibu nyumbani, ulikuwa wapi, tulikungoja. Pirihira alishuka ngazi akipokea wito huo, machozi yanamtiririka, akapiga magoti kando ya toroli na kuweka viganja vyote viwili juu ya kifua cha mdogo wake.

Sweta lilikuwa kavu.

Alilifuma yeye mwenyewe sweta lile, sufu nzito, na alilifua mara nyingi kiasi cha kujua tabia yake. Likilowa lilikuwa zito kama mwanakondoo, na kwenye jua kali lilitaka mchana mzima. Kifuani lilikuwa kavu kabisa, chumvi imeganda nyeupe kwenye nyuzi. Alipenyeza mkono mgongoni. Huko lilikuwa bado majimaji, limejaa mchanga mweusi. Mtu huyu alikuwa amelazwa chali juani tangu asubuhi.

"Sasa hivi lini?" aliuliza.

"Sasa hivi, shemeji. Kidogo tu hapa."

"Fintan. Sweta hili ni kavu."

Fintan alimtazama Malaki. Kosa lake lilikuwa hilo, maana Pirihira naye akafuata macho yake.

Malaki alikuwa amesimama na mikono kwenye vishikio vya toroli. Suruali ya kanisani ilikuwa nyeusi hadi mapajani. Na pete ya ndoa kidoleni mwake ilikuwa nyeupe kama bati.

Hakuna mtoto wa Onepango asiyelijua jambo hilo. Bamba la shaba hupakwa zebaki ili zebaki iishike dhahabu laini isiponyoke na maji, na zebaki haitofautishi dhahabu ya mchanga na dhahabu ya ndoa, inazishika zote. Kwa hiyo mwanamume anayekwenda kuosha mchanga huvua pete, akaiacha nyumbani. Malaki hakuivua, kwa sababu alipotoka nyumbani hakuwa anakwenda kuosha. Alikwenda mwaminifu. Uaminifu ulimwishia huko huko ufuoni, kwa pupa kubwa mno hata asikumbuke kidole chake.

"Ulikuwepo," Pirihira alisema.

"Piri..."

"Ulikuwepo amelala pale?"

"Walikuwa wameshampata nilipofika," Malaki alisema. "Chini ya mti kabisa. Walikuwa wamemvuta juu, wamemfunika gunia, wameweka mawe pembeni shakwe wasilifunue. Nikasema twende tukamwite mama. Fintan akasema maji yanarudi, zimebaki saa chache tu, na yeye Teoti hana haraka tena. Nikasema hapana. Naapa nilisema hapana."

"Halafu?"

"Halafu nikaliona bamba."

Vibarua waliangalia chini. Fintan alivaa kofia, akaivua tena.

"Shemeji, lawama nipe mimi..."

"Ondoka kwangu," Pirihira alisema, na hakupandisha sauti. "Ondoka na toroli lako. Mteremsheni mdogo wangu, halafu nisione hata kivuli chako kwenye njia hii. Ulimwapia mama yangu kwa kaburi la mama yako. Kaburi hilo nalo ulichimbue, labda lina kitu."

Wakamshusha Teoti, wakamlaza barazani kwenye mkeka, wakaondoka bila kuaga. Bi Kararaina alikaa kichwani pake na kuanza kumfukuzia inzi kwa kiganja. Hakuuliza lolote. Haikujulikana kama alisikia.

Jikoni, Malaki alitoa leso mfukoni na kuifungua mezani. Ndani yake kulikuwa na donge la zebaki na dhahabu, kubwa kama yai la kuku, jeupe, zito.

"Fungu letu," alisema. "Sikujichukulia mwenyewe. Watakuja watu wote wa kusini kwenye msiba. Utawalisha nini? Viazi? Ulitaka mama yako aaibike mbele ya ukoo wake, kama ulivyoaibika wewe dukani? Nilimfikiria mama. Na wewe. Na Teoti mwenyewe, azikwe kama mtu."

Hilo ndilo lililomkasirisha Pirihira kuliko yote. Pupa angeielewa, pupa ni ugonjwa wa pwani ile, wengi wanao. Lakini mtu huyu alikuwa amekaa kwenye misiba yao mwaka hadi mwaka, ameshiba, amefungua mkanda, na hakuwahi kuangalia chakula kile kimeletwa na nani.

"Malaki, tumezika wangapi tangu unioe?"

"Wengi."

"Mfiwa gani uliyemwona analisha watu? Watu huja na chakula chao! Mfiwa kazi yake ni moja tu, kukaa na maiti wake. Moja tu! Na hiyo ndiyo mliyomnyima mama yangu, mkamwacha mwanawe kama mzoga, kwa ajili ya vyakula ambavyo viko njiani vinakuja!"

Malaki alilitazama donge lake. Pirihira hakuligusa. Aliwaambia watoto wasiliguse, akatoka kwenda kukaa na mdogo wake. Baadaye Malaki alilifunga tena na kulirudisha mfukoni, kwa kuwa hakujua pengine pa kuliweka.

*

Watu wa kusini walifika kesho yake mchana, Ihaka mbele. Walikuja na ndege waliohifadhiwa kwa mafuta yao, samaki aina ya mikunga waliokaushwa, magunia ya viazi na unga, hata ng'ombe mzima aliyechinjwa. Wanawake waliingia jikoni kwa Pirihira bila kuuliza, wakawasha moto. Hakuna aliyemtazama kwa huruma ya dukani.

Kisha wakakaa barazani na uani, na hotuba zikaanza. Kwao marehemu hasemwi pembeni. Anasemeshwa usoni, kama aliye hai. Anasifiwa, anataniwa, na mwenye kinyongo naye anakitoa hapo hapo. Ihaka alimkaripia Teoti kwa kuvuka mto uliofura, akamwita mpumbavu, akalia. Binamu mmoja alimdai beleshi aliloazima, watu wakacheka na machozi. Malaki alikaa ubavuni mwa mkewe, mkono wenye pete ameuficha chini ya paja. Zamu ilipowafikia waume wa ukoo, aliinama kama anayefunga kiatu.

Pirihira akasimama.

"Mume wangu ana neno," alisema.

"Piri, tafadhali," Malaki alinong'ona. "Nimeshakwambia wewe."

"Mimi si mwenye jambo. Mwambie yeye. Huyo hapo."

Malaki aliinuka, akavuka mkeka, akasimama miguuni pa Teoti.

"Shemeji," alisema. "Jana asubuhi nilikuja kuwafukuza wachimbaji. Nikakukuta juani, umefunikwa gunia. Nilisema nitamwita mama. Sikumwita. Niliosha mchanga karibu na wewe mpaka maji yakajaa. Mara mbili niligeuka kukutazama. Nikaendelea. Hayo ndiyo niliyofanya."

Hakuongeza sababu. Labda ndiyo heshima pekee aliyoiweza siku ile. Minong'ono ilipita uani, mwanamume mmoja akatema mate, Ihaka akainua mkono kuwatuliza. Maiti hajibu, na kwao wenye damu yake ndio humjibia. Watu wote wakamgeukia Bi Kararaina, aliyekuwa bado anafukuza inzi ambao sasa hawakuwepo.

Bibi hakuinua macho.

"Mwanangu anauliza," alisema, "dhahabu ilikuwa nyingi?"

Malaki alisimama pale, donge linamvuta mfuko wa koti. Wazee walisubiri. Watoto wake walisubiri.

"Nyingi, mama," alisema. "Ilikuwa nyingi."

"Amesikia," bibi alisema.

Malaki akainama, akageuka kurudi mahali pake. Pirihira alikuwa ameshajisogeza, amewavuta watoto karibu naye, na nafasi ile kwenye mkeka ilikuwa imejaa.